Siku tano kando ya maziwa na goti la shangazi

Siku ya kwanza: Windermere hadi Ambleside

Masharti aliyaweka shangazi kabla hatujakata tiketi. "Baba, mimi mlima sipandi. Goti hili nimelibembeleza miaka mitatu, silipeleki tena juu." Nikamweleza kwamba Lake District, yaani eneo la maziwa, huko kaskazini magharibi mwa Uingereza, watu wengi huenda kwa ajili ya hiyo hiyo milima. Akanijibu kwamba jina limetaja maziwa, mlima halikuutaja. Nikanyamaza, nikaanza kutafuta njia tambarare.

Zipo, tena si haba. Mamlaka ya hifadhi ina orodha ya njia kama 50 zisizo na ngazi za kuvukia kuta, zilizopangwa ili mtu wa kiti cha magurudumu, mzazi mwenye kigari cha mtoto au shangazi mwenye goti ajue mapema atakayokutana nayo. Sikuzifuata zote, lakini ndiko nilikoanzia.

Treni kubwa ilitushusha Oxenholme, tukapanda ndogo inayoishia Windermere. Inaishia kwelikweli: reli ilifika hapo mwaka 1847 na haijasogea mbele hata hatua moja tangu wakati huo. Basi likatupeleka Ambleside, tukatua mizigo, na jioni tukateremka Waterhead kunyoosha miguu.

Kando ya gati la boti pana Borrans Park, uwanja wa nyasi unaoshuka taratibu mpaka majini, na miti michache mikubwa iliyoachiana nafasi kama wazee barazani. Uwanja wa jirani una mabaki ya ngome ya Warumi, misingi ya mawe isiyozidi magoti, nyasi zimeota vyumbani. Mbele yake ni Windermere lenyewe, ziwa la asili kubwa kuliko yote ya England, lenye urefu wa kilomita kama 17. Kubwa kwao, lakini ukisimama upande mmoja unaona rangi ya mlango wa nyumba iliyo upande wa pili.

Ilikuwa mwisho wa Aprili. Saa mbili na robo usiku bado kulikuwa na mwanga wa kusomea gazeti. Shangazi amefanya kazi ya uuguzi nchi hii miaka mingi, ila mpaka leo hakubali kuiita saa hiyo usiku.

Kilichonishangaza siku hiyo hakikuwa ziwa. Mimi neno hifadhi nimezoea liandamane na geti, risiti na askari. Hii ni hifadhi ya taifa tangu 1951, na hatukuona mahali pa kuingilia wala mtu wa kumlipa. Ndani yake wanaishi watu kama 40,000, pamoja na shule zao, makanisa yao na mashamba yao. Njia ya miguu inakatiza katikati ya shamba la mtu kwa haki ya kupita iliyoandikwa kisheria, na kibao chenye mshale wa njano kinakuelekeza upite wapi. Mshale wa buluu maana yake farasi na baiskeli nazo zinaruhusiwa.

"Kwa hiyo tunapita shambani kwa mtu?" shangazi akauliza.

"Ndiyo, shangazi."

"Na yeye anajua?"

"Anajua. Hana la kufanya."

Hakuridhika. Tulipofika kwenye geti la kwanza la mbao, akagonga nguzo kwa bakora yake na kusema "Hodi!" kabla ya kufungua. Kondoo wawili wakainua vichwa. "Haya, wametukaribisha," akasema, akapita, akahakikisha nimelifunga nyuma yangu. Alifanya hivyo kwa kila geti siku zote tano.

Siku ya pili: Wray Castle na ufuo wa magharibi

Hii ndiyo siku ambayo ningemshauri mtu yeyote aanze nayo. Boti kutoka Waterhead inakuvusha hadi upande wa magharibi wa Windermere na kukushusha chini ya Wray Castle. Kutoka pale unatembea kusini kwa kufuata maji, kilomita kama 6, mpaka kwenye kivuko cha kukurudisha ng'ambo. Hakuna kupotea. Ziwa liwe kushoto kwako, basi.

Ngome yenyewe ni ya uongo, na nasema hivyo kwa mapenzi. Ina minara, kuta zenye meno na vitundu vya kurushia mishale, lakini ilijengwa miaka ya 1840, wakati ambapo hakuna aliyekuwa akirushiana mishale na mwenzake. Aliyeijenga ni James Dawson, daktari wa upasuaji kutoka Liverpool. Shangazi alisimama akaitazama toka chini hadi juu. "Daktari? Basi mimi nilikosea idara."

Mwaka 1882 familia ya Beatrix Potter ilipanga jumba hili kwa likizo ya kiangazi. Yeye alikuwa binti wa miaka 16, na miaka mingi baadaye ndiye angekuja kuandika vile vitabu vya sungura. Humo humo ndimo familia ilipofahamiana na kasisi wa Wray, Hardwicke Rawnsley. Lishikeni hilo jina, litarudi.

Lakini mimi ngome haikunikamata kama kiwanja chake. Wenye majumba ya zama zile walipanda miti kwa mpango: mmoja hapa, miwili kule, katikati nyasi tupu, ili jicho lisafiri mpaka ziwani bila kujikwaa. Miti hiyo sasa imezeeka. Mwaloni mmoja una matawi yaliyoshuka mpaka yakakaribia kugusa nyasi, na chini yake ardhi imekanyagwa na ng'ombe ikawa laini kama sakafu. Nikazungusha mikono kwenye shina, haikufika hata nusu. Majani ndiyo kwanza yalikuwa yanachomoza, yenye rangi ya shaba zaidi kuliko kijani. Kila dirisha la jumba lina picha yake ya ziwa, na aliyezipanda picha hizo alijua kwamba hataziona zikikamilika.

Ukiingia msituni njia ni pana, ya kokoto zilizoshindiliwa, yenye mizizi hapa na pale. Kila baada ya mita mia mbili tatu miti inafunguka na kuna kifuo kidogo cha mawe bapa. Tulikaa kwenye kila kifuo. Mawimbi ya ziwa ni madogo na hayana mpangilio, yanapiga chap, yananyamaza, yanapiga chap chap, kama mtu anayeosha vyombo huku akiwaza jambo jingine. Boti ikipita mbali, mawimbi yake yanafika kwako ikiwa imeshatoweka. Nilirusha kijiwe kikaruka mara nne. Shangazi akarusha chake kikaruka mara sita, na hakusema neno, ambalo lilikuwa baya zaidi.

Kilomita sita zilituchukua saa tatu unusu. Wenye haraka huzimaliza kwa nusu ya muda huo. Walitupita wengi.

Karibu na kivuko kuna jengo la Claife Station, la miaka ya 1790. Halikujengwa kwa ajili ya kulala wala kula, lilijengwa kwa ajili ya kutazamia tu. Watalii wa enzi hizo waliletwa hapa wasimame dirishani, na madirisha yalikuwa na vioo vya rangi: njano ilikuonyesha ziwa kama la kiangazi, chungwa kama la majira ya kupukutika majani, kijani hafifu kama la majira ya kuchipua, buluu iliyokolea kama la mbalamwezi. Mwaka mzima ndani ya dakika tano. Jengo limekarabatiwa na vioo vya rangi vimerudishwa. Ili kufika kuna ngazi fupi kali, nami nilikuwa nimeshajiandaa kumwacha shangazi chini na chupa ya chai. "Ngazi si mlima," akasema, akashika ukuta, akapanda. Alikaa kwenye buluu muda mrefu kuliko rangi nyingine zote. Aliposhuka aliniambia ziwa la njano linamkumbusha mtu mwenye homa ya ini.

Kivuko cha kurudi ng'ambo kinajivuta kwa nyaya zilizolazwa majini kutoka ukingo hadi ukingo. Kinabeba magari machache na waenda kwa miguu. Unasikia nyaya zikilia, na dakika chache baadaye uko Bowness kwenye umati.

Siku ya tatu: Rydal hadi Grasmere, mvua

Programu ya hali ya hewa kwenye simu yangu iliahidi mawingu mepesi. Mvua ilianza tukiwa bado tunafunga kamba za viatu.

Nilitaka tupite njia ya majeneza. Zamani watu wa Rydal na Ambleside waliwabeba marehemu wao mpaka kanisa la St Oswald, Grasmere, kwa sababu ndiko kulikokuwa na makaburi yaliyowekwa wakfu. Njia waliyopita ipo bado, mlimani kidogo juu ya ziwa la Rydal Water, kama kilomita 4. Mwanzo wake nyuma ya Rydal Mount una mpando mfupi, kisha inatulia na kufuata ubavu wa kilima, huku msitu ukiwa kulia na ziwa likionekana chini kushoto. Niliiita "karibu tambarare". Shangazi ananikumbusha maneno hayo hadi leo.

Rydal Mount ni nyumba aliyoishi mshairi William Wordsworth tangu 1813 hadi alipofariki 1850. Mtu huyu aliyewavutia watu kuja kuyaona maziwa ndiye huyo huyo aliyepinga reli ya Windermere isijengwe, akihofia umati. Sisi tuliofika kwa treni hiyo tulipita mbele ya nyumba yake tukiwa tumelowa, naona haki ilikuwa imetendeka kwa pande zote. Chini ya nyumba kuna kiwanja kilichopandwa dafodili kwa kumbukumbu ya binti yake Dora, aliyefariki mwaka 1847. Tulichelewa. Maua yalikuwa yamenyauka, mashina yamelala kwenye matope.

Viatu vyangu, vilivyouzwa kwangu kwa maneno mengi kwamba havipitishi maji, viliyaruhusu kuingia na kuyakataza kutoka. Shangazi alinitazama nikipiga chubwi chubwi kwa muda, kisha akatoa mfukoni mifuko miwili ya plastiki. "Vua. Soksi kavu, mfuko, halafu kiatu." Nikavaa hivyo, nikatembea kama bata, lakini bata mkavu.

Kando ya njia kuna jiwe kubwa bapa, la urefu wa kiunoni hivi, ambapo wabebaji walilitua jeneza ili wapumue. Limelainika juu, na maji ya mvua yalikuwa yametuama kwenye mabonde yake madogo. Hakukuwa na kiti kingine chochote karibu, na nilimwona shangazi akihamishia uzito mguu wa pili.

"Kaa kidogo, shangazi."

"Sikalii kitanda cha marehemu."

Akasimama vile vile, akaweka kiganja juu ya jiwe, akainamisha kichwa. Miaka yake ya kazi aliwaona wengi wakiondoka. Nikarudi nyuma hatua chache, nikajifanya naitazama ramani. Alipomaliza alijifuta mkono kwenye koti na kusema tuendelee, mvua haitungojei.

Grasmere tuliiona kwa ufupi. Kaburi la Wordsworth ni jiwe la kawaida tu kati ya mawe ya jamaa zake, karibu na mto. Basi lilikuja haraka, tukashukuru.

Siku ya nne: Tarn Hows

Goti lilivimba usiku. Tukaamua siku iwe fupi, tukakodi teksi mpaka Tarn Hows, ambako njia inazunguka kiziwa kizima kwa chini ya kilomita 3 na imesawazishwa mpaka kiti cha magurudumu kinapita. Tulikutana na viwili.

Mahali hapa panaonekana kama pameumbwa asubuhi hiyo: visiwa vidogo, misonobari ikijitazama majini, milima nyuma kama pazia. Kumbe pametengenezwa. Karne ya 19 mwenye eneo, James Garth Marshall, aliziba mkondo na kuviunganisha viziwa vitatu vya kinamasi kuwa kimoja, kisha akapanda misonobari. Mwaka 1930 Beatrix Potter, wakati huo mke wa mwanasheria na mfugaji mzito, alilinunua shamba kubwa lenye sehemu hii, akaiuzia nusu yake National Trust, taasisi ya kuhifadhi ardhi na majengo. Alipofariki 1943 aliiachia taasisi hiyo zaidi ya ekari 4,000, na wosia uliotaka kondoo wa asili wa huku waendelee kufugwa.

Kondoo wenyewe wanaitwa Herdwick, na kwangu mimi wameipita milima kwa uzuri. Mwanakondoo huzaliwa mweusi tii. Anavyokua uso unakuwa mweupe na manyoya yanageuka kahawia, kisha kijivu, na kila mwaka kijivu kinapauka zaidi. Mzee na mtoto wakisimama pamoja hutaamini kwamba ni ukoo mmoja. Huko juu milimani hakuna ua wa kuwatenganisha na kondoo wa jirani. Kila kundi lina eneo lake na halitoki, kwa sababu jike alifundishwa mipaka na mama yake, naye anamfundisha wake, kwa kutembea naye tu. Mkulima akiuza shamba la mlimani mara nyingi kondoo hubaki, maana wageni wangetawanyika.

Tulikaa kwenye benchi tukimwangalia mmoja. Kitoto chake cheusi kilikuwa kimepita chini ya geti kikajikuta upande wetu, na sasa kinapiga kelele kama kimeonewa. Mama hakukimbia. Alisogea mpaka kwenye geti, akaita mara moja kwa sauti nzito, akasubiri. Kitoto kikakimbia huku na huku kando ya ukuta, kikijaribu kila mahali isipokuwa pale kilipopitia. Nikainuka nikifungulie. "Kaa," shangazi akasema. "Yuko na mama yake." Dakika mbili baadaye kikapita chini ya geti lile lile, kikajitupa kwenye chuchu kwa nguvu mpaka mama akayumba.

Kuta nazo zitazame ukiwa na nafasi. Zimejengwa kwa mawe matupu bila saruji: pande mbili zinazoegemeana, kifusi katikati, na kila baada ya kimo fulani jiwe refu linalopita toka upande huu hadi ule kuzifunga pamoja. Nilisukuma ukuta mmoja kwa bega, haukucheza.

Siku ya tano: Keswick na Derwentwater

Basi la 555 linakwenda kaskazini hadi Keswick, ukikaa ghorofa ya juu ni tamasha. Njiani unapita Thirlmere, ambalo siku hizi ni bwawa. Jiji la Manchester lililitaka kwa ajili ya maji, wapenda mandhari wakapinga, wakashindwa, na maji yakaanza kufika jijini mwaka 1894, baada ya kusafiri kwa mteremko tu bila pampu. Maji ya bwawa yalifunika mashamba ya bondeni.

Humo basini nikamwonyesha shangazi kitu nilichokisoma: katika maziwa yote makubwa ya huku, moja tu, Bassenthwaite, ndilo lenye neno "ziwa" katika jina lake la Kiingereza. Mengine majina yake yanaishia kwa maneno mengine ya zamani. Akafikiri. "Kumbe jina nalo lilinidanganya. Na goti nimeshalileta."

Keswick unashuka kupitia Crow Park, malisho yaliyo wazi mpaka majini, kisha dakika kumi za njia nyororo zinakufikisha Friar's Crag, kichuguu cha mwamba kilichochomoza ziwani na misonobari juu yake. Mizizi imetoka nje ikang'arishwa na viatu vya watu. Kuna jiwe la kumbukumbu la John Ruskin, lililosimamishwa mwaka 1900. Mwandishi huyo alisema kwamba kumbukumbu yake ya kwanza maishani ni kuletwa na yaya wake mpaka ukingo wa mwamba huu. Tuliketi. Milima ya Borrowdale ilikuwa mbele, na kwa mara ya kwanza safari nzima haikuwa na kofia ya wingu.

Nyuma ya mji, upande wa kaskazini, kuna kilima cha kijani kiitwacho Latrigg. Nilimsimulia shangazi habari yake. Mwaka 1887 wenye eneo waliziba njia ya kukipanda. Watu wa Keswick wakakusanyika mwezi wa Oktoba, kama 2,000 hivi, wakaondoa vizuizi, wakapanda mpaka kileleni. Kesi ikaenda mahakamani na mwishowe njia ikabaki wazi.

"Hao hawakupiga hodi," shangazi akasema.

"Walikuwa wameshapiga sana, shangazi. Walikuwa na chama kabisa."

"Na hakuna aliyesema karibu." Akaitazama Latrigg tena. "Basi sawa."

Kasisi Rawnsley, yule wa Wray, wakati huo alikuwa amehamia karibu na Keswick na alikuwa ndani ya harakati hizo. Mwaka 1895, yeye, Octavia Hill na Robert Hunter walianzisha National Trust. Mwaka 1902 taasisi hiyo ilinunua kipande chake cha kwanza hapa Lake District, msitu na malisho ya Brandelhow kwenye ufuo wa magharibi wa Derwentwater, kwa pauni 6,500 zilizochangwa na umma. Alasiri tulikwenda kukitembea. Boti ikatushusha Hawes End, tukafuata maji kwa mwendo wa kama saa moja, wa kwetu, mpaka gati la High Brandelhow. Maua madogo ya buluu yalikuwa yameanza kufunguka chini ya mialoni, mengi kiasi kwamba ardhi ilionekana kama ina moshi. Njiani hakuna geti kubwa. Shangazi alipata moja dogo tu la kugonga.

Gati ni la mbao, jembamba, halina kibanda wala mtu. Boti za ziwa hili huzunguka kituo hadi kituo, nyingine kulia nyingine kushoto, na mzunguko mzima hauzidi saa moja. Tukakaa mwishoni mwa gati miguu ikining'inia, shangazi amevua kiatu cha mguu wenye goti, kisigino kinagusa maji. Maji yalikuwa baridi ya kuuma. Hakukitoa.

Boti ikaja, tukapanda, ikatufikisha Keswick jua likiwa bado liko juu. Abiria wakashuka wote. Nikachukua begi nikasimama.

Shangazi alikuwa hajatikisika kwenye kiti chake cha dirishani, kiatu mkononi. "Baba, mwulize nahodha kama sasa inazunguka upande ule mwingine. Akisema ndiyo, kaa chini."